Siku Niliyompakia Mama Mkwe Kwenye Baiskeli

Mimi ndiye yule mtu. Naanza na hilo kabisa, msije mkalisikia kwa wengine, maana hata leo, na mvi zote hizi, nikifika Muleba kwenye harusi au msiba hakosekani mzee mmoja wa kuniuliza, huku akijifanya anajali afya yangu, "Mwalimu, baiskeli yako bado ipo?" na wenzake wote wanashikwa na kikohozi kwa pamoja wakitazama chini. Ndiyo, waitu, ndugu zangu, ni mimi niliyempakia mama mkwe kwenye keria, mchana kweupe, kutoka Kashai mpaka stendi ya Bukoba, yeye amenishika kiuno kwa mikono miwili na mimi mbele naimba pambio.

Kama wewe si Mhaya utasema, na ubaya uko wapi, si amemsaidia mzazi? Basi nikueleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Si kwamba wanachukiana, wanaheshimiana, na wanaheshimiana mno mpaka wanakimbiana. Akikuona njiani anaingia migombani, na ukimwona wewe kwanza, unaingia wewe (niliwahi kusimama ndani ya shamba la watu nikimpisha mama mkwe apite, mpaka mwenye shamba akanijia na panga akidhani naiba ndizi, na sikuweza hata kujitetea kwa sauti kwa sababu mama mkwe angesikia). Humpi mkono. Huli mbele yake. Chumba anacholala hukitupii hata jicho. Na dada wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile, awe mkubwa, awe mdogo, hakuna nafuu.

Sasa nirudi mwanzo. Ilikuwa miaka ile ya Azimio, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, na mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha Biblia, ninafundisha dini shuleni na jioni nafundisha madarasa ya watu wazima huko kwetu Muleba. Nikapata uhamisho kwenda Bukoba mjini. Kwa kijana wa umri wangu ilikuwa heshima kubwa, sikatai, nililala usiku kucha kwa furaha macho wazi. Mke wangu Kemilembe alikuwa ametoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza na alikuwa kwa wazazi wake, tukakubaliana abaki huko mpaka nipate nyumba.

Baba mkwe, Tata Rwegasira (Tata kwetu ni baba; Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache na kila neno lina uzito wa mkungu wa ndizi), aliniita kabla sijaondoka. Akaniambia, "Mwalimu, mjini nasikia watu wanapanga chumba kimoja kimoja, na wanawake wanapikia jiko moja kwa zamu."

"Wapo wanaofanya hivyo, Tata."

"Binti yangu hatapikia jiko la mwanamke mwingine. Nitamleta mwenyewe, na nitalala kwako usiku mmoja. Nikikuta hana jiko lake, asubuhi narudi naye, yeye na mtoto. Utamfuata siku utakapokuwa na nyumba."

Hakuwa mtu wa kutisha watu. Alikuwa ameshasema, basi, na ikawa hivyo.

Nikaanza kutafuta. Ndugu zangu, msidhani Bukoba ya wakati ule ilikuwa na vyumba vya kumwaga. Mimi nilikuwa nalala kwenye chumba cha nyuma ya kanisa walikotunzia mabenchi mabovu, na kila nikitoka darasani nachukua baiskeli yangu, naanza kuzunguka. Hamugembe nikapata chumba kizuri, bei nzuri, ila ukuta wa pili walikuwa wanapika pombe kali ya magendo, na mvuke wake ulikuwa unapita kwenye nyufa, nikajiona siku moja nasimama madhabahuni huku kichwa kinazunguka bila kuonja hata tone. Nyakanyasi, karibu na ziwa, nikaonyeshwa chumba ambacho mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amevua viatu kabla ya kuingia, nikadhani ni usafi, kumbe ni maji. Bakoba nikamkuta mzee mmoja ana nyumba ndefu yenye milango mingi, lakini aliponiona nimevaa suruali ya kupiga pasi na nimeshika mkoba, akadhani nimetumwa na serikali kuja kuhesabu nyumba za mabepari. Nikamuuliza, "Mzee, una vyumba vya kupangisha?" Akasema, "Vyumba gani? Hawa wote ni wanangu." Mlango wa kwanza akatoka Msukuma, wa pili akatoka Mganda na mke wake, wa tatu akatoka mzee aliyemzidi umri yeye mwenyewe. "Wote wanao, mzee?" "Wote," akasema, na yule mzee mwenzake akaitikia, "Ndiyo, huyu ni baba."

Na kila mahali nilipopata chumba, jiko ni la wote.

Siku zikaenda mpaka ikafika ile Jumamosi ambayo Tata Rwegasira alisema angeshuka na basi la mchana. Asubuhi ile sikuwa na nyumba. Nilipiga magoti pale katikati ya mabenchi mabovu, nikamwambia Mungu kila kitu kama mtu anayezungumza na mzazi, kisha nikapanda baiskeli nikaenda Kashai, kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la watu wazima alikuwa amenidokeza kwamba kuna mama mjane kule anaitwa Mama Kampala, nyumba yake ina sehemu ya nyuma, vyumba viwili na jiko lake pembeni, lakini (akanionya) amewafukuza wapangaji wote waliokwenda kuuliza, hata hawakuvuka ua.

Nikamkuta anachambua kahawa nje. Mama wa makamo, mfupi, mnene kiasi, kitambaa amefunga kichwani kwa mtindo wa Kiganda, na sauti ambayo huhitaji kuwa karibu ili uisikie. Nikashuka kwenye baiskeli, nikampa mkono. Akaupokea. (Mkono huo. Nikiukumbuka hadi leo naufuta kwenye suruali.)

"Unatafuta nyumba," akasema, hata sijafungua mdomo.

"Umejuaje, mama?"

"Mtu anayetafuta nyumba anatazama paa kabla ya kusalimia. Mlutheri wewe?"

"Ndiyo, mama. Mwalimu wa dini."

"Mimi Mkatoliki. Afadhali, hutanimalizia pombe yangu ya rubisi. Haya, niambie, wa wapi? Ukoo gani? Umeoa kwa nani?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe vizuri, sikukosea kwa ubaya. Wiki ile ile nilikuwa nimetoka kwenye semina ya walimu, tukafundishwa kwamba mambo ya kuulizana ukoo na kijiji ndiyo yanayolirudisha taifa nyuma, kwamba mtu akikuuliza kabila lako jibu ni moja tu, Mtanzania, na mimi nilikuwa nimelielewa somo lile kuliko wote waliokuwepo, nilinyoosha kidole mara nyingi. Basi badala ya kumjibu yule mama maswali matatu mepesi ambayo Mhaya yeyote huyajibu hata kabla ya kukaa, mimi nikasimama wima, nikashika mkoba kifuani, nikasema:

"Mama, siku hizi hakuna ukoo. Sisi sote ni ndugu. Mimi ni Mtanzania."

Akaacha kuchambua kahawa. Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, kisha akacheka, akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Lo! Huyu kazaliwa na nchi nzima! Haya, ndugu Mtanzania, sikuulizi tena. Lakini nyumba yangu sitoi kwa suruali iliyopigwa pasi. Mimi namtazama mtu anavyofanya kazi na anavyokula. Weka huo mkoba."

Nikauweka. Akanionyesha kwanza ile sehemu ya nyuma, ndugu zangu: sakafu ya saruji, bati juu, madirisha yana mbao, na pembeni kajiko kadogo ka udongo, kasafi, mafiga matatu yamekaa yanasubiri mtu. Nilisimama mbele ya yale mafiga kama niko mbele ya msalaba. Nikasema moyoni, Bwana, hapa hapa.

Kwa hiyo aliponiambia nipogoe migomba, nilipogoa. Aliponiambia nipandishe magunia ya kahawa darini, nilipandisha. Kisha akasema kitanda chake kimevunjika mguu tangu marehemu mume wake afariki, na hakuna mwanamume wa kukitengeneza, je, Watanzania wanajua useremala? Nikaingia chumbani kwake. Nikalala chali chini ya kitanda cha mama mkwe wangu, misumari mdomoni, nikagonga nyundo, yeye amesimama mlangoni ananielekeza, "Kushoto, ndugu, kushoto, hiyo ni kulia ya nani?" na tunacheka wote wawili kama watoto wa mama mmoja.

Baadaye akapakua. Ndizi zilizopikwa na maharage, samaki wa kubanikwa, tukakaa chini kwenye majani makavu, tukala kwenye jani moja la mgomba, mkono wangu na wake. Nilikuwa na njaa ya wiki nzima ya mabenchi. Alinitazama nikimaliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mtu anayekula hivi hana hila." Akachomoa ufunguo kiunoni, akanipa.

Nilitaka kulia. Nikamshukuru, nikamwambia lazima nikimbie stendi kwani nina wageni wanashuka na basi la kutoka Muleba.

"Basi la mchana?" akasema. "Na mimi pia nina mgeni kwenye hilo hilo! Utingo ndiye aliyeniletea habari juzi. Nilitaka kutembea lakini huu mguu wangu umeteguka, unaona ulivyovimba? Ndugu, baiskeli yako ina keria?"

Sasa mtu mwenye akili hapo angesimama akajumlisha. Mama mjane aliyetoka Uganda, ana mgeni kutoka Muleba, kwenye basi la mchana, Jumamosi ile ile. Na mimi nilijua kabisa kwamba mama mkwe wangu ana mdogo wake aliyeolewa akamfuata mume Uganda zamani, Kemilembe alikuwa akimtaja mara nyingi, mama mdogo Kokwijuka. Lakini mimi nilikuwa nimemweka ng'ambo ya mpaka kichwani mwangu na nikamwacha hukohuko. Nilichowaza ni kwamba ujamaa ni vitendo. Nikaufunga mguu wake kwa leso yangu (ndiyo, na mguu pia, msinikatize), nikamsaidia kupanda, nikamwambia anishike kiuno vizuri kwa sababu kuna mteremko.

Watu wa Kashai walitupigia makofi tukipita. Mwanamke mmoja aliyebeba mkungu akapaza sauti, "Mama Kampala, umepata dereva!" Naye akajibu, "Wa serikali huyu! Hana ukoo!" Nami kwa furaha ya ufunguo ulioko mfukoni nikaanza pambio, yeye akaliitikia kwa sauti ya Kikatoliki, na hivyo ndivyo tulivyoingia stendi.

Basi lilikuwa limeshafika. Watu wamejaa, wengine wanashusha ndizi za kuuza, wengine wanatafuta magari ya Kemondo na Maruku, kelele tupu, na katikati ya kelele hizo nikamwona Tata Rwegasira amesimama wima na koti lake na fimbo yake, na pembeni yake Kemilembe na mtoto mgongoni. Furaha ikanizidi. Nikaachia usukani mkono mmoja, nikaupunga juu, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Tata! Tata Rwegasira!"

Na nyuma yangu, sikioni kabisa, ile sauti isiyohitaji ukaribu ikaita wakati uleule:

"Shemeji! Shemeji Rwegasira, mimi huku!"

Baiskeli ilisikia kabla yangu. Nasema kweli, iliyumba kabla sijaelewa. Mimi mkono mmoja juu, yeye mikono miwili juu, tukaenda upogoupogo mpaka tukaingia kwenye rundo la mikungu ya mtu na tukaanguka kila mmoja upande wake. Nikiwa chini, mdomo umejaa jani, nikasikia maneno yale mawili yakirudi kichwani mwangu taratibu, Tata, shemeji, Tata, shemeji, na nikageuka nikamtazama yule mama, naye akanitazama.

"Wewe," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "umeoa kwa nani?"

Kemilembe alikuwa ameshatukimbilia, akapiga magoti palepale kwenye tope, mtoto mgongoni, akamwinamia, "Mama mdogo! Shikamoo mama mdogo! Na huyu baba mtoto mmejuana lini?"

Yule mama akatoa ukelele, akavuta kanga akajifunika kichwa chote, akainuka na mguu wake uliovimba akakimbia, jamani, alikimbia kuliko mimi, akaenda kujibanza nyuma ya basi. Na mimi, kwa kuwa mkwe mwenye adabu naye hujificha, nikatafuta migomba pale stendi, hakuna hata mmoja isipokuwa mikungu iliyokatwa, nikaona pa kuingia ni mahali pamoja tu. Nikaingia chini ya basi.

Hebu fikirieni hali yenyewe. Nimelala kwenye oili na shati langu jeupe la kumpokelea baba mkwe. Kulia naona miguu ya mama mkwe, mmoja umefungwa leso yangu. Kushoto naona viatu vya baba mkwe na ncha ya fimbo. Nikitoka kulia namkuta, nikitoka kushoto naumbuka mbele ya mzee, nikibaki dereva ataondoa gari. Na miguu mingine inaongezeka, watu wanakusanyika.

Utingo akainama akanichungulia. "Mwalimu! Umeangusha nini?"

"Heshima," sauti moja ikajibu huko juu kwa niaba yangu, na stendi yote ikaangua kicheko.

"Ati amempakia mkwewe!"

"Toka wapi?"

"Toka Kashai! Mimi nimewaona kwa macho yangu, wanaimba!"

"Na alimshika wapi?"

"Ungetaka amshike wapi, kwenye kengele?"

Nilifumba macho nikasali. Sikusali sala ndefu. Kilichoniuma hakikuwa kicheko, kicheko kinaisha. Niliwaza yale mafiga matatu. Nilijua kwa desturi yetu mkwe hakai kwenye ua wa mama mkwe wake, haiwezekani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu unanichoma paja, na asubuhi ingefika, na yule mzee mwenye viatu vile angempandisha mke wangu na mtoto wangu kwenye basi hili hili nililolala chini yake.

Ile fimbo ikagonga ardhi mara moja. Watu wakanyamaza.

"Mwalimu," akasema Tata Rwegasira, "nyumba umepata?"

"Nimepata, Tata," nikajibu nikiwa chini.

"Ina jiko?"

"Ina jiko lake peke yake, Tata. Lina mafiga matatu."

"Ya nani?"

Nilitazama ile miguu ya upande wa kulia. Ikasogea. Kisha nikasikia ile sauti ikitoka nyuma ya basi, lakini haikuzungumza na mimi wala na shemeji yake, ilizungumza na Kemilembe peke yake, kama inavyotakiwa.

"Kemilembe, mwanangu, mwambie baba yako nyumba ni yangu. Mwambie nimemfukuza kila mtu aliyekuja na pesa. Huyu mtu aliyejificha huko aliko, mimi simwoni na sijamwona, amepogoa migomba yangu tangu asubuhi, amenitengenezea kitanda, amekula akamaliza, na nilipoteguka mguu hakuniuliza mimi ni nani kwanza ndipo anisaidie. Mwambie baba yako kama anataka kukurudisha Muleba, akurudishe, lakini aseme hapa mbele ya watu kwamba amemnyang'anya mtoto baba kama huyo kwa sababu ya baiskeli."

Hakuna aliyecheka. Kemilembe, naye yuko bado kwenye tope, akaanza kurudia maneno yale kwa baba yake neno kwa neno, kama desturi, ingawa kila mtu alikuwa ameyasikia, na alipofika kwenye "amekula akamaliza" sauti ikamkatika.

Tata Rwegasira alichora mstari ardhini kwa ncha ya fimbo. Utingo akathubutu, "Mzee, na sisi tuna safari." Mwishowe akasema:

"Ua utagawanywa. Matete atakata yeye mwenyewe, aupandishe juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Mlango wao utazame barabara ya pili. Na mbuzi wa kuondoa aibu atatoa."

"Nitatoa, Tata," nikasema chini ya gari.

"Na baiskeli," akasema yule mzee, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu kinatetemeka kwenye koo lake ambacho sikukizoea, "keria utaing'oa."

Basi, stendi ilipasuka. Hata mzee mwenyewe alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari, na nyuma ya basi nikasikia kanga inacheka. Wanawake wakamzunguka Mama Kampala kama ukuta wakamwondoa upande ule, ndipo nikatoka, mweusi kwa oili kutoka kidevuni mpaka magotini, na mwenye ile mikungu akanisaidia kusimama akiniambia nisimlipe, ameshalipwa.

Usiku ule Tata Rwegasira alilala kwetu. Kabla ya kulala alikwenda peke yake kwenye kale kajiko, Kemilembe ameinama anawasha moto wake wa kwanza, akainama naye, akatikisa figa moja baada ya jingine kuona kama limekaa imara. Alirudi akamchukua mjukuu wake akampakata mpaka chakula kilipoiva, na asubuhi alipanda basi peke yake.

Ua niliujenga mwenyewe, na nasema bila haya kwamba haukuwa na mfano Kashai yote. Matete niliyafuata mbali, nikayasuka mawili mawili, watu walikuja kuutazama. Tuliishi pale miaka mingi, watoto wengine wote walizaliwa pale, na hatukukutana hata siku moja. Akitaka kutoka anakohoa, nikitaka kutoka nakohoa. Kama wote tumekohoa, mmoja anasubiri. Migomba yake niliipogoa alipokwenda misa, na niliporudi kutoka ibadani nilikuta samaki amefunikwa jani kwenye mlango wetu. Kwa watu wa ukoo wangu waliodhani nimejidhalilisha, nawajibu kwamba mimi nimeishi na mama mkwe ukuta kwa ukuta bila neno baya kupita katikati, na nawaomba waniambie wao wamefanya nini. Namshukuru Mungu kwa kila siku ya miaka ile.

Funzo? Funzo ninalo, na nimewafundisha wanangu wote na sasa wajukuu: mtu akikuuliza umeoa kwa nani, mjibu upesi, tena mtajie mpaka shangazi. Mimi mwenyewe siku hizi nauliza ukoo hata nikiwa nimelala kitanda cha hospitali, nesi anakuja na sindano, namwambia, "Subiri binti, kwanza mama yako ni wa wapi?" Wananicheka. Wacheke. Baiskeli nimepanda mpaka uzeeni, lakini nyuma ya tandiko hakuna aliyekaa tena, wala mke, wala mtoto, wala gunia.

Na yeye, Mama Kampala, miaka yake ya mwisho, watu walipomuuliza pale parokiani kuhusu wakwe zake, maana alikuwa nao kadhaa kwa watoto wa dada zake, alikuwa anawapitia mmoja mmoja na kasoro zao, na akifika kwangu ananyoosha mgongo. Kemilembe alikuwa ananiletea maneno yake neno kwa neno, kama desturi: "Huyu mwalimu wetu wa Kashai ndiye mwenye adabu kuliko wote. Tangu siku ile sijamwona."